Mlinzi Aliyekuja na Mashine

Mheshimiwa mgeni rasmi, na mheshimiwa mwakilishi wa mgeni rasmi, kwa kuwa mgeni rasmi mwenyewe amepata udhuru, waheshimiwa wakuu wa idara zote, zilizopo, zilizounganishwa na zile ambazo bado zinatafutiwa ofisi, wajumbe wa kamati ya maandalizi na wajumbe wa kamati ndogo ya kuifuatilia kamati ya maandalizi, viongozi wa dini, wazee wetu, mama zetu, dada zetu mliokuja na watoto na watoto mliokuja na dada zetu, ndugu waandishi wa habari mliochagua kukaa karibu na soda, wananchi mliofika kwa hiari yenu na wananchi mliofika mkidhani leo tunatoa vyeti (Minong'ono: "Kwani hamtoi?"); mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na kama kuna niliyemsahau basi ajihesabu ametajwa wa kwanza.

Nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa, unyenyekevu ambao, bila kujisifu, wenzangu wengi kazini hawajaufikia (Kicheko), ili kuzindua Mradi Jumuishi na Endelevu wa Ngao ya Kidijitali kwa Kompyuta Zote za Ofisi ya Usajili wa Vizazi, Ndoa na Vifo, mradi ambao umebuniwa, umechakatwa, umejadiliwa na mastekiholda, umewekewa rodimapu, umefanyiwa wekshopu ya ndani na wekshopu ya nje, yaani ile tuliyoifanyia uwanjani umeme ulipokatika, na ambao kwa mujibu wa tathmini niliyoifanya mwenyewe umefanikiwa kwa asilimia mia moja na kitu. (Makofi. Mtu mmoja nyuma anauliza: "Kitu gani?") Kitu, ndugu yangu. Takwimu kamili zitatolewa.

Naomba niingie kwenye kiini. Wananchi wamekuwa wakiniuliza, sokoni, kwa kinyozi, hata msibani: "Mkuu, kompyuta za siku hizi zinakuja na kinga yake ndani. Sasa ya nini kununua antivairasi nyingine?" Hili ni swali zito, ni swali mtambuka, ni swali linaloitikisa paradaimu, na kwa wale msiojua kompyuta nitalieleza kwa lugha nyepesi, kwa sababu na mimi nilielezwa kwa lugha hiyohiyo. Kila kompyuta ina mfumo endeshi, ndio unaoifanya iwake na ikutii. Zamani mfumo huo ulikuwa kama nyumba isiyo na mlango, kila kirusi kinaingia na kukaa sebuleni, ndiyo maana watu wakazoea kununua programu ya pembeni ya kuvifukuza, ile antivairasi. Siku hizi mfumo wenyewe unazaliwa na mlinzi wake tumboni. Anakagua kila faili linaloingia, linalotoka na linalojifanya halina habari. Je, huyo anatosha, au tumwongezee mwenzake?

Fundi wetu wa kompyuta, yule pale kando ya spika, mnamfahamu kwa jina la Apdeti, maana hata ukimwambia unaumwa kichwa atakuuliza kama umefanya apdeti (Kicheko, fundi anainua mkono), yeye alikuwa na jibu lake tangu mwanzo. Nilimwita ofisini kwangu, nikamkalisha kwenye kiti kifupi, nikamwambia nataka idara iwe na antivairasi yenye hadhi.

"Mkuu," akaniambia, "kwa kazi zetu hizi mlinzi wa ndani anatosha. Tumwache awake, tumpe apdeti zake, watu wasibofye ovyo. Ukimwekea mwingine juu yake, mara nyingi wanagombana wao kwa wao, na mashine inakuwa nzito kama gunia la mchanga uliolowa."

Nikamuuliza, "Huyo mlinzi wa ndani tulimpata kwa utaratibu upi?"

"Hatukumtafuta. Alikuja na mashine."

"Kwa hiyo hana mradi?"

"Hana, Mkuu."

"Hakuzinduliwa?"

"Anawaka tu."

Ndugu zangu, hapo nikaona tatizo la kisera. Kitu kinachowaka tu, bila utepe, bila fulana zenye nembo, bila mimi kupiga picha nikikielekezea kidole, kitaliletea taifa maendeleo gani? (Kicheko. Sauti: "Sema, Mkuu!") Nikamwambia Apdeti arudi kwenye meza yake, nami nikakaa kuandaa konseputi.

Sasa sikilizeni jinsi uongozi wenye maono unavyofanya kazi. Asubuhi moja nilikuwa kwenye intaneti nikitafuta picha ya ngao ya kuweka kwenye nembo ya mradi. Nikabofya picha moja nzuri, mara skrini ikawaka nyekundu, ikalia kama gari la zimamoto: HATARI! KOMPYUTA YAKO IMEVAMIWA! PAKUA NGAO YA DHAHABU, BURE, INAYOAMINIWA NA VIONGOZI WOTE. Hapo moyo ukanidunda, si kwa hofu, bali kwa kuona wametutaja viongozi. Walijuaje? (Kicheko kirefu.) Nikabofya. Yule mlinzi wa ndani, yule asiye na mradi, akatokea kwenye kona na kikaratasi chake: Programu hii ni hatari. Imezuiwa.

Mimi nimezuiwa mara nyingi maishani. Nimezuiwa na mabosi, nimezuiwa na mama mkwe, daktari amenizuia chumvi. Lakini kuzuiwa na kitu nilichokiwasha mwenyewe asubuhi kwa kidole changu! Nikasema, huyu lazima ajue nani mkuu wa idara. Paswedi ya usimamizi ninayo, kwa sababu cheo kinadai niwe nayo, ingawa kichwa hakidai. Apdeti alikuwa nje ya ofisi kutwa nzima. Nikamzima mlinzi kwenye mashine yangu, Ngao ya Dhahabu ikaingia ikimetameta, na kwa moyo wa uongozi shirikishi nikapita meza hadi meza, nikimzima huyu, nikimvika dhahabu yule, wafanyakazi wakinipigia makofi. Mlikuwepo. Msiangalie chini. (Baadhi ya wafanyakazi wanaangalia chini.)

Nikafika kwenye meza ya Bi Subiri. Wananchi wote mnamjua Bi Subiri wa dirisha la mapokezi, na jina hilo mlimpa ninyi, si mimi (Kicheko. Bi Subiri, kutoka safu ya pili: "Na bado mtasubiri!"). Akaifunika kibodi kwa mikono miwili, kama kuku aliyeona mwewe.

"Hapana, Mkuu. Hii hutaigusa."

"Bi Subiri, hii ni ngao."

"Iwe ngao, iwe mkuki. Mara ya mwisho ulipokaa hapa, nilipokuwa likizo, nilirudi nikakuta inaandika herufi kubwa tupu, kama inagombana na watu. Wiki nzima nawaandikia wateja barua za ukali."

"Hii ni amri ya idara."

"Basi idara ije yote, inikute nimekaa."

Nikatathmini hali kwa kina, nikaona si vyema kuvutana na mwanamke aliyenizidi umri na anayejua nilipoweka funguo zangu za gari. Nikamwacha. Katika ripoti niliandika kuwa mashine yake imetengwa kwa ajili ya utafiti linganishi. (Makofi ya Bi Subiri peke yake.)

Adhuhuri ikapita salama. Ufanisi haukuwahi kuwa wa namna ile, kwa maana hakuna aliyefanya kazi, wote tuliitazama ile ngao inavyozunguka kwenye skrini. Bi Subiri aliomba ruhusa mapema akamwangalie dada yake aliyelazwa, akazima mashine yake, akaifunika kitambaa chake cha maua kama kawaida, akaenda. Jioni ilipokaribia, karani wa ndoa akaniita. Alikuwa anatafuta ndoa ya watu fulani, akapata mchoro wa alama zisizosomeka. Karani wa vifo naye hivyohivyo. Kila faili la vizazi, ndoa na vifo lilikuwa limefungwa kwa kufuli tusilolijua, na pale ngao ilipokuwa pana tangazo la watu wasiojulikana wakidai fidia ili watufungulie. Ile Ngao ya Dhahabu, ndugu zangu, ndiyo ilikuwa kirusi chenyewe. (Mtu anasema taratibu: "Aisee.")

Apdeti akarudi, akatazama skrini moja, akatazama ya pili, kisha akanitazama mimi.

"Mkuu, nani amemzima mlinzi?"

Nikamjibu kwa lugha sanifu ya kiofisi: "Mlinzi amezimwa."

"Amezimwa na nani?"

"Na idara."

Akachomoa nyaya zote za umeme ukutani, moja baada ya nyingine, kama mtu anayezima mishumaa. Halafu akasema, "Usijali, kuna bakapu," akaenda chumba cha nyuma kuleta ile diski ya akiba. Nikaanza kupumua, nikaanza hata kutunga taarifa kwa vyombo vya habari. Alirudi taratibu. Hakuwa na diski mkononi. Akakaa juu ya katoni ya karatasi.

"Niliiacha imechomekwa kwenye mtambo," akasema. "Ilitakiwa niitoe kila ninapomaliza. Nikajiambia, ya nini, mlinzi yupo, anatosha. Nayo imefungwa pamoja na nyingine."

Basi tukawa wawili, mwenye paswedi na mwenye diski, tumekaa kwenye katoni moja. Na hapo ndipo nilipojifunza kwamba anayesema mlinzi anatosha na anayesema hatoshi wanaweza kuzama kwenye dimbwi moja wakiwa wameshikana mikono. (Fundi anatikisa kichwa. Makofi machache ya huruma.)

Jioni hiyo nyumbani mama watoto akaniuliza mbona sili. Nikampa maelezo ya kina, nikataja mazingira ya kimtandao, changamoto za kiufundi na mchakato uliokumbwa na sintofahamu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza jambo moja: "Mlango wetu una kitasa. Kama ungekivunja mwenyewe ili uweke kufuli la muuzaji wa njiani usiyemjua, halafu tukaibiwa, polisi wangemshika nani?" Nikamwambia hilo ni swali la kidhahania. Akasema, "Kula, baba watoto, chakula kinapoa." (Kicheko cha kina mama.) Amekaa pale, mwenye kilemba cha kijani. Msimpigie makofi, atajisikia. (Anapigiwa makofi.)

Sasa naomba utulivu, maana hapa sijaandikiwa na mtu.

Asubuhi yake, kabla hatujafungua mlango, palikuwa na mtu amesimama nje. Fundi cherehani, wa kile kibanda kilicho mkabala na duka la vipuri, wengi wenu amewapunguzia suruali. Alikuwa na futi ya kupimia shingoni na nyuzi zimemganda kwenye mikono ya shati, kama mtu aliyeinuka kwenye mashine akaja moja kwa moja. Alikuwa na binti yake. Mtoto mdogo, mchangamfu, ila alipopanda zile ngazi zetu za mbele alikaa katikati, akavuta pumzi, akainuka, akaendelea. Baba yake akamngoja, kama jambo walilolizoea.

"Mzee wangu," akaniambia dirishani, "mtoto ana tundu kwenye moyo. Tumepata nafasi ya upasuaji nje, wiki hii, shangazi yake atamsindikiza. Uhamiaji wanataka cheti cha kuzaliwa. Cha kwetu bomba lilipasuka nyumbani, kikalowa, kikawa uji. Nimekuja kuchukua kingine."

Nami, ndugu zangu, nikavuta kola, nikafungua mdomo, na kikatoka kile ninachokijua. Nikamwambia suala lake limepokelewa, kwamba mfumo upo katika kipindi cha mpito, kwamba timu ya wataalamu inalishughulikia kwa uzito unaostahili.

"Nani analishughulikia?" akauliza. Hakuuliza kwa ukali. Alitaka kujua amfuate nani.

Nikageuka nyuma kumtafuta. Palikuwa na ukuta.

"Mimi mambo ya kompyuta siyajui, mzee wangu," akasema. "Najua tu kwamba wakisema nafasi imempita, hawatanipa nyingine ya karibu. Niambie nikae au niondoke. Ukisema nikae, nakaa."

Nilitamani aniambie maneno makali. Mtu akikutukana unapata pa kushikia, unaweza hata kumwita askari. Yule mtu alinitazama kama vile mimi ndiye serikali, mimi ndiye daktari, mimi ndiye kila mlango aliobakiwa nao, na mimi nilijua ndani yangu hamna kitu, ni tai tu na sauti. Nikasema, "Kaa." Sikujua akae kwa ajili ya nini. Mtoto akaniuliza kama naweza kumpa karatasi ya kuchorea. Nikampa rodimapu ya mradi. Akachora farasi nyuma yake, na mpaka leo huo ndio ukurasa pekee wa rodimapu uliokamilika. (Kicheko, kisha makofi.)

Ndipo Bi Subiri akafika, na mkoba wake na miavuli yake miwili, akapita katikati yetu, akaondoa kitambaa cha maua kwenye mashine yake.

"Usiwashe!" Apdeti akapiga kelele hadi mtoto akadondosha kalamu.

"Kwa nini? Imefanya nini?"

"Zote zimekufa, bibi. Na hiyo ilikuwa kwenye mtandao mmoja na nyingine."

"Hizo nyingine ziliguswa na Mkuu," akasema. "Hii haikuguswa."

Apdeti akachomoa waya wa mtandao, akahakikisha, akarudisha ule wa umeme, akamwomba Bi Subiri kiti. Akawasha. Nilisimama nyuma yake nikiomba dua zote ninazozijua na nyingine nilizozitunga palepale. Skrini ikafunguka, na kwenye kona pale, mlinzi wa ndani, yule wa bure, yule asiye na fulana, ameacha ujumbe tangu jana: kuna kitu kimejaribu kuingia kutoka kwenye mtandao, nimekizuia. Halafu tena: kimejaribu tena, nimekizuia tena. Mafaili yote ya Bi Subiri yalikuwa hai. Na Bi Subiri, wananchi, alikuwa na nakala ya kila usajili uliofanyika kwenye mashine yake tangu aajiriwe, kwa sababu, nanukuu maneno yake, "humu ofisini simwamini mtu." (Vigelegele. Bi Subiri anasimama, anainama kidogo, anakaa.)

Tukatafuta jina la mtoto kwenye orodha ya wasichana. Hakuna. Tukatafuta kwa jina la baba. Hakuna. Tukatafuta kwa jina la mama, kwa mwezi, kwa hospitali. Hakuna. Bi Subiri akaondoa miwani, akaifuta. "Mtoto huyu alizaliwa nilipokuwa likizo," akasema, "labda hakuingizwa hapa." Fundi cherehani alikuwa ameishika ile futi ya shingoni kwa mikono yote miwili, anaivuta huku na huku.

Mwisho akakohoa. "Samahani. Sijui kama inasaidia. Cheti kile cha kwanza kilikuwa na kosa. Mliandika mtoto wa kiume. Nilirudi kuwaambia, nikaambiwa nisubiri."

Bi Subiri akavaa miwani. Akatafuta kwenye orodha ya wavulana. Na binti yetu akatokea pale, jina lake lote, kwa HERUFI KUBWA TUPU. Chini yake mfumo umeandika nani aliyeingiza kumbukumbu hiyo. (Sauti kutoka nyuma: "Nani?") Mnajua nani. Siku ile nilikuwa natoa mfano wa kiongozi anayeshuka chini kuwahudumia wananchi, mpiga picha alikuwepo, nikawa naangalia kamera badala ya kibodi. (Kicheko kikubwa, mkuu anasubiri kiishe.) Chekeni, nami nimecheka. Lakini asubuhi ile hapakuwa na aliyecheka, maana ile Caps Lock yangu, kitufe cha herufi kubwa, na ile jinsia niliyoikosea, ndizo zilizokuwa zimemficha mtoto mahali ambapo mtu hakufikiria kumtafuta, na kama baba yake asingekohoa tungemwambia hayumo.

Tukarekebisha. Tukachapa. Mashine ya kuchapa ikakwama karatasi, kama ilivyo desturi yake mkubwa anapoitazama, nikaambiwa nigeuke nitazame dirishani, ikachapa. Nikagonga muhuri. Fundi cherehani akakipokea kwa mikono miwili, akasoma taratibu huku midomo ikicheza, akafika penye jinsia, akasema, "Wa kike." Akasema tena, "Wa kike." Mimi nilikuwa nimeshatayarisha maneno machache ya kufunga shughuli, nilikuwa na nukta kadhaa nzuri, lakini nilipoinua macho alikuwa tayari amembeba mtoto begani na yuko barabarani. Nikabaki na hotuba mdomoni, nikaimeza, na niwaambie ukweli, ilikuwa chungu.

(Mkuu anakunywa maji.)

Mtoto alisafiri. Alipasuliwa. Amerudi. Ile kelele mnayoisikia nje, mtu anayekimbia kwenye veranda akigonga milango yetu kwa fimbo, ni yeye, na askari alipotaka kumnyamazisha nilimwambia amwache agonge. (Makofi marefu. Fundi cherehani amejificha nyuma ya mtu mnene.) Kumbukumbu nyingine zilizokuwa kwenye mashine zile hazikurudi zote. Tumewaomba wananchi waje tuwaandikishe upya, na mzee mmoja nilipomwomba athibitishe kwamba alizaliwa, aliniuliza, "Nimekuja mwenyewe kwa miguu, unataka ushahidi gani mwingine?" Nikampa kiti.

Basi turudi kwenye swali la kisera: kinga iliyomo ndani ya mfumo endeshi inatosha au haitoshi? Kamati yangu imekaa, imevutana na imetoka na msimamo. Kinga ya ndani ni kama ngozi ya mwili. Mtu mwenye ngozi nzima haendi dukani kununua ngozi ya pili. Kama unatumia kompyuta yako nyumbani kwa barua na picha za harusi, mlinzi umemwacha awake, apdeti unaipokea badala ya kuiahirisha kila siku hadi kesho, inatosha. Kama unashughulika na mambo mazito zaidi, au ofisi yako imejaa watu wa kila namna wanaobofya kila kinachometameta, muulize fundi unayemfahamu, pengine atakuongezea kitu, na hakuna ubaya, ilimradi kisije chenyewe kikipiga king'ora. Na ule utaratibu wa akiba, weka nakala mahali pengine, kisha chomoa waya. (Fundi Apdeti anapaza sauti: "Chomoa!") Lakini ngozi, ndugu zangu, haimsaidii mtu anayekunywa sumu kwa mdomo wake mwenyewe huku akipigiwa makofi. Hakuna mlinzi, wa bure wala wa kununuliwa, wa ndani wala wa nje, anayeweza kuizuia ofisi isivamiwe na mkuu wake wa idara mwenye paswedi. Na kwa kulitambua hilo, paswedi ile sasa anayo Bi Subiri, na kila nikiiomba ananijibu neno lake lile. (Ukumbi mzima: "Subiri!")

Nakaribia kumaliza, na naomba tuitikie kaulimbiu kwa pamoja. Nikisema "Kikimetameta," ninyi mseme "Usibofye." Kikimetameta! ("Usibofye!") Mlinzi akikataa! ("Usibofye!") Mkuu akiamuru! (Kimya kidogo, kisha: "Usibofyeee!") Vizuri sana. Hilo la mwisho lisiandikwe gazetini.

Sasa shukrani. Namshukuru mgeni rasmi kwa kutokuja, amenirahisishia. Naishukuru kampuni iliyoshinda zabuni ya kutuletea antivairasi, ambayo haikupatikana, kwa kuwa zabuni haikutangazwa, kwa kuwa mahitaji hayakuonekana. Nawashukuru wataalamu elekezi wa mradi, ambao hawakuajiriwa, kwa ushauri wao ambao hawakuutoa. Mpiga picha, tafadhali usisogeze yale maboksi yaliyofunikwa bendera, ni mepesi, yataanguka, hamna kitu ndani. Mradi wenyewe, mabibi na mabwana, haupo. Haujawahi kuwapo. Tulichofanya ni kumwasha tena yule aliyekuja na mashine, kazi iliyomchukua Apdeti muda mfupi kuliko salamu zangu za mwanzo. Lakini ukumbi ulishakodiwa, kadi zilishasambazwa, na mama watoto ameshonewa nguo, kwa hiyo niliona tukutane.

Kitufe hiki chekundu ndicho cha uzinduzi. Fundi umeme aliniuliza akiunganishe na nini, nikamwambia na chochote kinachofanya kazi. Naomba tuhesabu pamoja. Moja. Mbili. Tatu. (Anabonyeza. Feni ya dari inaanza kuzunguka. Karatasi za hotuba zinapeperuka kutoka mezani. Watu walio chini yake wanafungua vifungo vya kola, wanashusha pumzi, wanapiga makofi kwa dhati kwa mara ya kwanza tangu shughuli ianze.)

Asanteni. Asanteni sana. Mradi umezinduliwa.